Siku ya Sita ya Kimya

Ukungu wa Novemba ulikuwa umeulalia mji wa Altenbrück kama maziwa yaliyomwagika mezani yakakosa wa kuyafuta. Inspekta Gesine Torwald alivuka daraja kwa miguu, mikono mifukoni, akiusikia mto chini yake bila kuuona. Kengele ya kanisa iligonga mahali fulani, karibu au mbali, hakuna aliyeweza kujua. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya sita tangu sauti ya Marlit Lasch ipasuke jukwaani.

Watu mia saba walikuwepo Ijumaa ile. Sehemu ya pili ya opera, saa mbili na dakika kumi, Marlit, binti wa miaka ishirini na minne, alikuwa amepanda juu kabisa ya wimbo wa malkia anayerukwa na akili. Ghafla sauti ikakatika kama sahani iliyoanguka sakafuni. Pazia likashushwa. Baada ya dakika ishirini likapandishwa tena, na waliohudhuria bado walikuwa wakilisimulia jambo lile kama ndoto: Marlit akitembea jukwaani, akipiga magoti, akifumbua mdomo bila kutoa kitu, na pembeni, nyuma ya kinara cha nota, mwimbaji mwingine mwenye gauni la kawaida akimwimbia. Mwili wa huyu, sauti ya yule. Ndiyo desturi ya majumba ya opera: mwimbaji akiharibikiwa, huitwa wa akiba, na onyesho haliachwi.

Sasa Marlit alikuwa hospitalini. Uzi mmoja wa sauti ulikuwa umevuja damu, na daktari alimwandikia siku kumi na nne za kimya. Asiseme, asinong'one, asicheke, asilie. Akitii, huenda atapona. Akipiga ukelele hata mmoja, atafute kazi nyingine. Na katika chupa yake ya chai, maabara ilikuta dawa ya ganzi, kali kuliko ya vidonge vyovyote vya koo vinavyouzwa madukani.

Mshukiwa alikuwepo tayari. Yule wa akiba, Birte Quast, aliwaambia polisi kwamba alipigiwa simu akiwa nyumbani kwake Wendheim. Kutoka Wendheim hadi Altenbrück ni saa moja na nusu kwa treni. Yeye alifika kwa dakika ishirini.

Gesine alisukuma mlango wa jengo la zamani karibu na soko la maua. Alikuwa anakwenda ghorofa ya nne, kwa Bibi Ottilie Kranz, mwalimu wa sauti wa Marlit. Alipofika ghorofa ya pili akasimama. Juu kulikuwa na sauti ya mwanamke ikipanda ngazi ya nota, polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda kwenda kuchungulia mtoto aliyelala. Inspekta alikaa kwenye ngazi. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia mara nane kwenye rekodi ya Ijumaa, ikitoka pembeni mwa jukwaa.

Akasubiri. Baada ya robo saa mlango wa juu ukafunguliwa, na Birte Quast akateremka, skafu imemfunika hadi puani, mafaili ya nota kifuani.

"Habari za asubuhi, Birte."

Mafaili yakamwanguka. "Inspekta! Mimi... nilipotea njia."

"Hadi ghorofa ya nne? Umepotelea juu sana."

Kutoka juu ikaja sauti ya kikongwe, nene na safi: "Ingieni ndani wote wawili! Ngazini kuna baridi, na koo halijui kama huyu ni polisi."

Bibi Ottilie Kranz alikuwa na miaka themanini na moja na skafu tatu. Miaka thelathini aliimba malkia na wachawi wa kike; sasa alifundisha wengine kuwaimba. Chumba chake kilikuwa na piano, kapeti lililotoboka mahali pamoja wanaposimama wanafunzi, na madirisha marefu ambayo nje yake hapakuwa na mji tena, ukungu tu. Aliwakatia keki ya tufaha bila kuwauliza kama wanataka.

"Ijumaa," Gesine alisema, "saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, ulikuwa wapi? Na usiniambie Wendheim."

Birte alitazama kapeti. "Hapa. Nimesimama hapo penye tundu. Saa mbili nzima, irabu moja tu."

"Na mpaka leo haijanyooka," mwalimu akasema. "Simu ililia alipokuwa anavaa koti. Kutoka hapa hadi kwenye opera ni dakika kumi na mbili. Mimi mwenyewe, kwa magoti haya, ishirini na tano."

"Kwa nini ulidanganya polisi?"

"Kwa sababu ya mwalimu wangu wa Wendheim. Akijua nakuja huku ananifukuza siku hiyo hiyo. Yeye ndiye anayewapa wakurugenzi majina yetu. Akilifuta langu, simu yangu haitalia tena."

"Ukaona bora tukudhanie umemharibu mwenzako?"

"Ninyi mtanifunga mwaka, Inspekta. Yule atanifunga maisha."

Gesine akamgeukia bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hajatia chumvi. Kwetu sisi, mwimbaji kuwa na walimu wawili ni kama mke kuwa na waume wawili. Hata mwizi atasamehewa upesi zaidi."

"Na leo saa kumi mkurugenzi ananiita," Birte akasema, na macho yakamjaa. "Marlit amemwandikia barua. Anasema ni mimi. Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa huku? Nikisema nimekwisha, nisiposema nimekwisha."

"Utakunywa chai na utanyamaza," mwalimu akamwambia. "Machozi yanakausha koo."

Gesine aliandika saa na dakika, akamtaka bibi atie sahihi chini yake. Kisha akauliza lililokuwa likimkera tangu mwanzo. "Marlit ni mwanafunzi wako. Ilikuwa usiku wake mkubwa. Kwa nini hukwenda?"

"Huwa siendi. Nikikaa ukumbini koo langu huimba nao, nikarudi nyumbani hoi. Halafu nilikuwa nimekasirika. Jumatano alikuja hapa anameza mate kama anameza misumari. Nikamwambia, mwanangu, piga simu, jitoe, sema una mafua. Akaniambia mkataba wa miaka miwili unaamuliwa Ijumaa. Nikamwambia, mikataba itakuja, koo halina duka. Hakunisikia."

Inspekta alitoa mkobani mashine ndogo yenye rekodi ya Ijumaa, akaiweka juu ya piano. "Nataka unisaidie kusikiliza. Sisi tunaamini dawa iliwekwa wakati wa mapumziko. Chupa za waimbaji hukaa mezani nyuma ya jukwaa, kila moja na utepe wa rangi yake. Ya Marlit ni ya kijani. Watu kumi na tisa walipita pale. Siku sita nawahoji hao kumi na tisa."

"Weka toka mwanzo," bibi akasema, akafumba macho.

Violini zikaanza, nyembamba, kama mvua inayofikiria kunyesha. Kisha Marlit akaingia. Chumba kikajaa yule binti ambaye saa ile hakuruhusiwa hata kukohoa. Sauti yake ilitembea juu ya kapeti, ikagusa vioo, na ilionekana kama ukungu wa nje unasogea kumpisha. Birte aliacha kutafuna. Kidole cha bibi kilikuwa kikipiga hewani, moja, mbili, tatu. Mara kikasimama.

"Rudisha."

Gesine akarudisha.

"Tena."

Akarudisha tena.

"Hapo. Umesikia ile r?"

"Sikusikia kitu."

"Ndiyo, na hicho ndicho nilichosikia mimi. Kitaliano cha opera kinataka ulimi utetemeke mbele, penye meno. Marlit nimempa mafunzo ya ulimi miaka minne, usingizini anaitetemesha. Huyu hapa ulimi wake umelala. Wenyewe hauna habari kwamba umelala."

Birte akainama kwenye mashine. "Kweli! Mbona hatukuisikia?"

"Kwa sababu mlikuwa mnangoja nota za juu, kama kila mtu."

Gesine alitazama saa ya mashine. Dakika ya sita ya sehemu ya kwanza. Si mapumziko. Si hata karibu na mapumziko. Akafungua daftari. Maabara ilisema dawa ile huanza kushika baada ya robo saa hivi. Basi Marlit alikunywa kabla pazia halijapanda. Na kabla pazia halijapanda, kwa maneno ya wafanyakazi wote, alikuwa amejifungia chumba cha kuvalia, peke yake, saa nzima. Chupa ilipelekwa mezani kengele ilipolia.

"Wale kumi na tisa waende zao," alisema polepole. "Chupa ilifika pale ikiwa na dawa ndani."

"Sikiliza na hii," bibi akasema. Alikuwa bado amefumba macho. "Mwimbaji anayeumwa huimba kama mtu anayepita matopeni, anachagua pa kukanyaga. Huyu anakimbia. Anakimbia kwa furaha, maskini, kama mtoto anayekatiza barabara. Maumivu ni mlinzi wa mlango, binti yangu. Kuna mtu amemlevya mlinzi."

Gesine alikuwa na miaka hamsini na mbili, na ilikuwa zamani sana tangu aitwe binti. Alizima mashine. Katika ukurasa wa pili wa daftari lake, mwandiko wa siku ya kwanza, kulikuwa na mstari mmoja: Mama, Hedda Lasch, msaidizi kwa daktari wa meno, miaka 22. Siku ile aliuandika, akafungua ukurasa mwingine, akaenda kuwafuatilia watu kumi na tisa.

Kabla ya kutoka alimpigia mkurugenzi wa opera. Alimwambia maneno machache: Birte Quast hahusiki, polisi wamethibitisha alipokuwa, na mahali penyewe si shughuli ya mtu. Birte alitaka kumkumbatia. Inspekta akamwonyesha keki. "Maliza hiyo. Na siku nyingine ukidanganya polisi, kwanza tazama ratiba ya treni."

*

Hedda Lasch alifungua mlango na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, na nyumba yake ilikuwa safi kiasi cha kumfanya mgeni atazame viatu vyake. Sufuria ya supu ilichemka jikoni. Kwenye kamba ya nguo juu ya kipasha joto palikuwa na koti jeupe la kazi, likikauka.

"Karibu, Inspekta. Nampelekea supu ya viazi. Ya hospitali haina chumvi wala huruma."

"Mama Marlit, chai ya Ijumaa aliipika nani?"

"Mimi. Tangu ana miaka tisa naipika mimi, hata awe anaimba wapi. Mitishamba na asali, basi."

"Basi?"

Mwiko ulizunguka sufuria mara moja, mara mbili.

"Hukuniambia unachofanya kwa daktari wa meno."

"Hukuniuliza."

"Kweli, sikukuuliza. Hilo kosa langu. Sasa nakuuliza."

Mama alizima jiko. Alikausha mikono yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko inavyohitaji mikono. Mvuke wa supu uliinuka ukamfunika uso, na alipoanza kusema ilikuwa kama sauti inatoka ndani ya mvuke wenyewe.

"Kichupa kimoja tu. Ile tunayowapulizia watoto kwenye fizi kabla ya sindano. Miaka ishirini na miwili naiona. Mtoto anaingia analia, anatoka anacheka. Na wangu alikuwa chumbani humo, Alhamisi, analia akimeza maji. Maji, Inspekta! Nikasema, watoto wa wenzangu nawaondolea maumivu kila siku. Wangu amekosa nini?"

"Yeye alijua?"

"Hapana. Alisema chai chungu. Nikamwambia asali ya duka jingine." Akacheka kidogo, bila furaha. "Halafu akanipigia kutoka chumba cha kuvalia. Mama, miujiza, siumwi tena! Alikuwa anacheka. Nikapiga magoti hapa hapa nikashukuru."

"Mwalimu wake alimwambia ajitoe."

"Mwalimu ana miaka themanini na picha zake ukutani. Mwanangu ana nini? Nimempeleka kwaya ana miaka sita. Nimeshona magauni. Nilisema apite Ijumaa hii tu, halafu atapumzika."

"Maumivu yalikuwa yanamwambia asimame, mama. Ulipoyanyamazisha, hakuwa na wa kumwambia."

Hedda alikunja kitambaa, akakikunja tena. Gesine aliuliza lililobaki, maana lilikuwa lazima liulizwe. "Siku sita unajua maabara ilikuta nini. Binti yako anamshtaki mtu asiye na hatia. Ulinyamaza."

"Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Kisha nafika pale, ananishika mkono. Hana kitu kingine cha kunisemea, ni ule mkono tu." Akainua macho. "Nikamwambia Mungu, yule Birte atapata kazi mahali pengine."

Gesine alimpigia daktari kutoka barazani. Jibu lilikuwa fupi: asiambiwe lolote la kumshtua, siku nane zaidi. Akarudi jikoni, akamweleza Hedda utaratibu. Maelezo yataandikwa kesho kituoni, saa tatu. Kushtaki au kutoshtaki ni hiari ya Marlit, na muda upo wa kutosha. Mpaka kimya kiishe, hataambiwa.

"Basi nipeleke nimpe supu," mama akasema. "Sitafumbua mdomo."

*

Wodi ilikuwa nyeupe na dirisha lilikuwa jeupe, na Marlit alikuwa kitandani kati ya weupe huo kama mtu aliyechorwa kwa penseli. Alikuwa na ubao mdogo wa kuandikia na kalamu ya kufutika. Alipomwona mama yake alinyoosha mkono, na mama akaushika.

"Si Birte," Gesine alisema. "Alikuwa mahali pengine, na shahidi yupo. Nimeshamwambia mkurugenzi."

Marlit alikunja uso. Akaandika: *Nani?*

"Bado tunachunguza."

Lakini huyu alikuwa mtu aliyelipwa kwa ajili ya masikio yake. Alimtazama Inspekta, akasikiliza pale sentensi ilipoishia, akaona haikukaa sawa. Akageuka. Mama alikuwa ameuachia mkono wake na anamimina supu, na kijiko kilikuwa kikigonga bakuli, ki-ki-ki-ki, hakikomi.

Akaandika: *Mama?*

Gesine alimtikisia Hedda kichwa, usiseme. Hedda aliona. Aliweka bakuli chini kwa uangalifu.

"Ni mimi," alisema. "Nilitia ganzi kwenye chai. Nilitaka usiumwe. Ni mimi, mwanangu, si mwingine."

Mdomo wa Marlit ukafunguka. Mbavu zake zikapanuka, zikapanuka zaidi, vile vile zilivyopanuka Ijumaa kabla ya ile nota ya juu, na Gesine akajikuta amesimama, mkono mbele, kama mtu anayetaka kudaka kikombe kinachoanguka. Hakuna aliyepumua wodini ila yule mmoja. Kisha pumzi ikatoka. Pumzi tupu, ndefu, bila uzi wa sauti ndani yake. Akavuta nyingine, nayo ikatoka vile vile. Alilia kwa mbavu, kwa mabega, kwa machozi yaliyofika hadi shingoni, na koo lake likabaki limefunguliwa na kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza alijifuta kwa shuka, akachukua kalamu.

*Nenda nyumbani. Usije mpaka nikupigie.*

Hedda alisoma mara mbili. "Utanipigia lini?"

Marlit alifuta ubao kwa kiganja, taratibu, mpaka pembeni. Akaandika: *Nikipata sauti.*

Mama aliitikia kwa kichwa. Alifunika supu isipoe, akaiacha hapo mezani, akatoka.

Gesine alimsindikiza. Jioni ilikuwa haijafika lakini taa za barabarani zilishawashwa, kila moja na duara lake la ukungu, na watu walitokea ndani ya maduara na kupotea. Inspekta alirudia mambo ya kesho: saa tatu, chumba cha pili kushoto, aje na kitambulisho, na kile kichupa kama bado anacho. Hedda aliitikia ndiyo, ndiyo. Alikuwa ametoa simu mkobani na ameishika kwa mikono miwili, anatembea nayo kama anabeba yai.

Darajani alisimama.

"Inspekta. Kama atapiga, halafu sauti isitoke. Nitajuaje kuwa ni yeye?"

Chini yao mto ulipita bila kuonekana.

"Usikate simu," Gesine alisema. "Hata kama husikii kitu, mama. Usikate."